Mkono wa Bati Uliouacha Krete

Yaya,

Jumamosi, dada yangu, familia wanataka kuvunja matanga yako. Ukumbi wameshapata, hapahapa Brussels, mtaa wa Ganshoren, na simu haiachi kulia: "Petit, utasema neno ao hapana?" Kwetu anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa ndiye husimama na kusema imetosha, ndipo wanawake wavue nguo nyeusi. Mimi ndiye ninayekufuata, na nimekataa. Nimewaambia sifungui mdomo mpaka nijue kwa nini ulinificha ugonjwa wako. Kwaya nzima ya parokia ilijua una saratani ya titi. Mimi, uliyenilea tangu Maman alipokufa, niliambiwa na muuguzi kwenye korido.

Nakuandikia nimesimama, huku stoo ya saruji, Saint-Josse.

Bon. Nilikwenda kwa Madame, yule bibi Mbelgiji uliyekuwa ukimtunza. Bado ana kile Kiswahili chake cha Lubumbashi ya zamani, na ukali wake uko palepale. "Unapiga kelele juu ya nini? Wakati nilimupeleka Krete, aliniacha hoteli asubuhi, akaenda kuomba kwa kanisa ya mashamba. Alirudia na vumbi kwa magoti. Wende uangalie!" Donc nikaelewa: siri ya ugonjwa uliyoninyima mimi, ulikwenda kuyaeleza mawe. Nikapanda ndege na hasira yangu mpaka kisiwa hicho cha Wagiriki.

Nilitarajia kanisa. Nikakuta kijumba kati ya mizeituni, kimefungwa. Kwa macho nikakipima: mita tano kwa tatu na nusu, ukuta unene wa sentimita themanini. Umesimama tangu enzi ambazo hata Brussels ilikuwa matope, na chokaa bado imeshika. Kazi safi, Yaya, lazima niseme. Ufunguo anao mama wa nyumba ya jirani. Hatukuwa na lugha moja, nikamwonyesha picha yako kwenye simu. Akapiga makofi, akanishika shati, akanivuta ndani.

Giza, harufu ya nta, watakatifu wamechorwa mpaka darini. Chini ya Bikira pamefungwa kamba yenye vibati vyembamba: mguu, jicho, moyo, mtoto mchanga. Kila mtu hutundika umbo la kile anachokiombea. Nikaanza kutafuta titi. Nilivichambua kama misumari, mpaka yule mama akanichapa kiganja. Akanionyesha kimoja, kimefungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani, kile tulichoshona sote kwa arusi yangu.

Kilikuwa mkono.

Mwaka ule ulipokwenda Krete nilikuwa nimeanguka kutoka jukwaa la ujenzi karibu na stesheni ya Gare du Nord, nikavunjika mkono, na daktari alisema nisitegemee kushika mwiko wa saruji tena. Wewe ulikuwa umeshajua la kwako, Madame amenithibitishia. Ukabeba titi lako linalouma mpaka kule, ukaombea mkono wangu! Nani alikutuma? Nilikuuliza kwa sauti, mlemle ndani, mpaka mama wa watu akatoka nje akaniacha.

Na bado umekosea! Umetundika wa kushoto. Uliovunjika ni wa kulia, Yaya, wa kulia! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo wewe kabisa: ulikuwa ukinivalisha viatu kinyume, "Haraka, mudogo yangu, misa inaanza," na mimi natembea kama bata mpaka kanisani. Kisha kicheko kikageuka, unajua kilivyogeuka.

Nilipoinuka, nilikipindua kile kibati upande wa pili, kikawa mkono wa kulia. Nikakaza fundo. Ni fundo la fundi, halitalegea.

Sikiliza basi. Hasira haijaisha. Ningeacha kazi zote nikae kando ya kitanda chako, na wewe ulijua hivyo, ndiyo maana ukafunga mdomo. Haki hiyo hukuwa nayo. Lakini hasira hii ni ya mimi na wewe. Siwezi kuwashikia wengine maisha yao kwa sababu yake. Jumamosi nitasimama na kusema imetosha. Nakuahidi sauti haitatetemeka. Ikitetemeka, nitasingizia spika.

Pumzika, Yaya. Mimi nitaendelea kugombana nawe kwenye kila ukuta nitakaoupiga plasta, na wewe, kwa mara ya kwanza, utakaa kimya unisikilize.

Mdogo wako