Nilimjibu "Tutaongea Wiki Ijayo"

Mpendwa Shangazi, nishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimemkosea rafiki yangu kosa ambalo sijui hata nitaanzaje kulitaja mbele yake, na mume wangu nilipomwambia alisema, "Pole, utamweleza tu," akaendelea kupiga pasi shati lake, kwa hiyo nimebaki na wewe.

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mahakama, yaani navaa visikilizio tangu asubuhi, nasikiliza rekodi za kesi na kuchapa kila neno, shahidi akimung'unya maneno nakanyaga kidude cha mguuni rekodi inarudi nyuma, nasikiliza tena, mara tano, mara sita, watu wanagombea ukuta, wanagombea watoto, wanalia, hakimu anakohoa, na nikitoka hapo sitaki kusikia sauti ya binadamu yeyote, hata wanangu nawaambia mama amechoka masikio.

Rafiki yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, tunajuana tangu bweni, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini, namwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, na tangu maisha yatubane hatuonani, basi hunitumia ujumbe wa sauti, dakika nne, dakika sita, nami sikutaka kumsikiliza huku nakaanga vitunguu, nilitaka kumpa masikio yangu yote, yeye si kesi, kwa hiyo kila ujumbe niliuweka nikisubiri siku nitakayotulia, na ili asijisikie vibaya nilimjibu kwa kukisia, "Hahaa, una vituko wewe," au "Pole mpenzi," au nikamtupia ua. Siku ya kutulia haikufika, na ujumbe ukafika kumi na mmoja.

Jumatano dada yake akanipigia kazini. "Mwenzako alipasuliwa koo wiki mbili zilizopita. Uvimbe wameutoa, lakini na sauti imekwenda. Hataongea tena. Mbona hukuja? Alisema alikuita."

Nikajifungia stoo ya mafaili saa ya chakula, nikasikiliza wote, wa kwanza anacheka watoto waliokula chaki, wa nne anasema sauti imemkauka, wa nane anasubiri majibu ya vipimo, na wa mwisho anakwaruza hivi: "Jumanne wananipasua. Daktari amesema nikitoka humo sitaongea tena. Njoo Jumatatu tukae wawili, nimalizie maneno yangu kwako. Hata saa moja tu, jamani." Chini yake, Shangazi, kuna jibu langu: "Amina mpenzi, tutaongea wiki ijayo."

Jioni ile ile, baada ya kimya cha wiki mbili, akaandika: "Jumamosi saa nne. Njoo." Je, nimwambie simu iliharibika? Nikiri? Au nisiende kabisa, nimwache na ndugu zake waliomfaa?

Ni mimi, Mchapaji.

*

Mchapaji, pole. Naisema kwa moyo wote, kwa sababu baada ya hapa sitakubembeleza.

Uongo wa simu uache, umechelewa. Ujumbe wa sauti ukisikilizwa, alama yake ndogo hubadilika rangi, na aliyetuma huiona kwenye simu yake. Chiriku ameiangalia muda wote huo haibadiliki, akasoma "hahaa" zako, na bado akaendelea kukutumia. Jumatano mchana ameona zote kumi na moja zimebadilika ndani ya saa moja. Jioni akakuita. Anajua, mama, na anajua tangu zamani.

Unasema ulitaka kumpa masikio yote. Nakuamini, na ndicho kinachoniudhi. Ulimwekea rafiki yako utulivu ambao huna, ukamnyima zile dakika tano ulizokuwa nazo. Nani alikuambia hataki kusikilizwa kando ya vitunguu? Na usidhani nakukaripia nikiwa nimesimama mahali safi. Nami nina rafiki niliyemzika kabla sijampigia, na hadi leo namba yake sijaifuta.

Jumamosi nenda. Watoto waache nyumbani, simu izime kabla ya kubisha hodi. Mwambie hivi tu: "Sikukusikiliza. Nilikuwa nakisia." Kazi yako, uchovu wako na visikilizio vyako usivitaje, ana ya kwake ya kubeba. Kulia utalia, lakini usilie mpaka mgonjwa ageuke kuwa mbembelezaji. Ataandika, na kuandika kunachukua muda, kwa hiyo funga mdomo na usimmalizie sentensi. Zile sauti zihifadhi mahali pengine nje ya simu, wala usimwekee azisikie mpaka aombe mwenyewe. Kisha mchague siku moja ya wiki iwe yenu, yenye saa, na mumeo ajue kwamba siku hiyo hupo.

Huenda asikusamehe, nayo ni haki yake. Akikuandikia uondoke, ondoka bila kubishana, na Jumamosi inayofuata urudi. Yale aliyotaka kukuambia Jumatatu ile hutayasikia tena maishani mwako. Nenda ukayasome, kama bado ana hamu ya kukuandikia.