Tiketi ya Kwenda Tu

Chumba cha Juu Kabisa,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate,
Ugenini.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linasemaje? Na Mama, bado anagombana na uji usio na sukari? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaochechemea.

Kwanza nikueleze nilivyofika, maana najua mlikuwa roho juu. Tuliambiwa watu wa kwetu wanaingia huku bila viza, tukashukuru. Hakuna aliyetuambia kwamba asiye na viza huulizwa tiketi ya kurudi. Nami yangu ilikuwa ya kwenda tu, kama Mama alivyoagiza: nisikate ya kurudi mpaka nijue kama kitindamimba wetu anarudi nami.

Ofisa akanitoa kwenye foleni, akaniweka kwenye chumba kisicho na dirisha. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamke.

"Mama, anauliza unarudi lini."

"Mungu akipenda."

"Mama, anataka tarehe."

"Mwambie tarehe anayo Mungu."

Nikamsikia akishusha pumzi. Sanduku likafunguliwa, wakakuta cherehani changu cha mkono. Ofisa akakitazama kama bunduki. Mgeni wa matembezi na cherehani, wapi na wapi? Nikasema sisafiri bila hicho, hata msibani nakwenda nacho. Yule wa kwenye simu akacheka: "Mama, hapo sasa umejichongea."

Wakamwita Kitinda. Alikuja na aproni ya kuoshea vyombo hotelini, imelowa. Dada, nusura nimpite kwa alivyokonda. Aliwahakikishia kwamba nitaondoka, wakanigongea muhuri wa mwezi mmoja, ndani yake nikate tiketi ya kurudi. Moja au mbili, hilo halikuwahusu wao.

Basi niko hapa. Kitinda anatoka alfajiri, mimi nashinda na kuta. Nikisalimia watu kwenye ngazi wanashtuka kama nimewakanyaga. Yule mama wa chini nilimsalimu mara ya pili, akafunga mlango. Leo ibadani sikuambulia neno mpaka "Amina", nikaidaka kwa sauti, watu wakageuka. Nyumbani nilikuwa nachoshwa na hodi za wateja. Sasa namtamani hata yule mgomvi wa vifungo. Naongea na cherehani, Dada. Kinanijibu kuliko watu.

Nilipomgusia Kitinda habari ya kurudi, alisema, "Nirudi na nini, dada? Watu watanitazama mikono."

"Mama anaitaka hiyo hiyo mikono."

"Kwa Mama, sawa. Na shemeji na maswali yake?"

Akageukia ukuta. Tangu hapo tukawa watu wa "nipe chumvi" na "funga mlango". Kuwa mpweke peke yako ni afadhali. Kuwa wapweke wawili chumba kimoja, Mungu akuepushe.

Nikaacha kubembeleza, nikaomba. Jana jioni nikatoa kile kitambaa cha bluu ulichonifungia, nikamwambia asimame nimpime shati na suruali ya safari. Sikusema safari ya nani. Akaendelea kutazama ukuta mpaka nikaanza kukunja futi. Ndipo akasimama, akainua mikono kama zamani akishonewa sare. Kiuno chake ni kile kile cha alipomaliza shule. Nilirudia kupima kwa sababu sikuiona namba, machozi yalitangulia.

"Usibane sana," akasema. "Nitanenepa nikifika."

Kesho tunakwenda kukata mbili.

Sasa neno langu kwako ni moja. Siku tutakayofika mtu asiulize kaleta nini. Shemeji mwonye mapema, unamjua. Mpokeeni kama aliyetumwa dukani akachelewa kidogo, mumpe maji, mumwache aende kwa Mama.

Nisalimie Mama, shemeji huyo huyo, mama mdogo na wanakwaya wenzangu. Bwana awalindie mlango mpaka tuubishe.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fundi