Trekta la Yaya Astride

Jumatatu, 4 Agosti

Forklifti asubuhi hadi jioni. Makontena ya vigae kutoka bandarini, moja limepakiwa ovyo. Mgongo unauma. Baada ya kazi sikwenda kituo cha taxi moja kwa moja, nilipitia tena yadi ya Uncle Ronnie, muuza mashine zilizotumika, hapa hapa Jacobs, Durban. Trekta bado lipo. Jekundu, magurudumu ya nyuma yananifika kifuani. Limetumika, lakini Uncle aliliwasha mara moja tu likaitika. Nililishika bati la mbele kama mtu anavyomshika ng'ombe. Nikaona aibu, nikaondoa mkono.

Nataka kulituma kwa yaya Astride. Hajui bado. Ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Analima mahindi kwenye shamba la baba nje ya Lubumbashi, njia ya Kipushi. Kila mwaka anakodi trekta la watu, na mwenye trekta anaanza na mashamba ya wakubwa. Msimu uliopita lilimfikia mvua ikiwa imeshaanza. Alipanda kwa kuchelewa. Magunzi yakawa kama vidole.

Mimi na Béa tumeweka akiba kwa ajili ya hili tangu tuoane. Mvua za kule ni Novemba. Muda upo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia. Nilimtumia picha ya trekta na ujumbe wa sauti. Nilisubiri vigelegele.

Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Asante, mdogo wangu. Ni zuri. Ila likiharibika, huku iko nani wa kulitengeneza?"

Sijamjibu. Nimekasirika.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilimfuata Béa saluni kwake Overport. Wateja wamejaa, Jumamosi ya mwanzo wa mwezi. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni nikamweleza huku akisuka. Nilidhani atakuwa upande wangu. Hakuinua macho. Alisema tu, "Kwani swali lake lina ubaya gani?"

Akanikumbusha mashine ya kusaga ambayo binamu yetu aliituma kijijini kutoka Ulaya. Ilisaga miezi michache. Kikavunjika kitu kidogo, hakuna aliyejua kinaitwaje. Sasa inaanikiwa nguo.

Nikasema mashine na trekta ni vitu tofauti. Mteja aliyekuwa kitini akacheka. Mtu hata simjui.

Jumanne, 12 Agosti

Paipu ya haidroliki ya forklifti imepasuka. Mafuta sakafu nzima, uma haupandi, lori nje linapiga honi. Msimamizi akapiga simu moja. Kabla ya chakula cha mchana fundi alikuwa amefika na bakkie yake, pikapu ndogo, paipu mpya nyuma. Wana duka lao mtaa wa pili. Alifunga, akajaribu, akanawa mikono, akaenda.

Nilisimama nikimtazama muda wote. Sikutaka kufikiri nilichokuwa nafikiri.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nilimuuliza Uncle Ronnie waziwazi. Vipuri vya trekta hili vinapatikana wapi? Ni mtu mkweli, hilo namkubali. Alisema waliokuwa wakileta matrekta ya aina hii nchini walishafunga siku nyingi. Yeye anatoa vipuri kwenye matrekta mabovu aliyonayo nyuma ya yadi. "Ukiwa karibu na mimi," alisema, "huna shida kabisa."

Nikamwambia linakwenda Lubumbashi.

"Eish." Akakuna kichwa. "Basi nunua mawili, rafiki yangu. Moja lilime, la pili liliwe."

Tulicheka wote wawili. Kwenye taxi nikaona halichekeshi.

Ijumaa, 15 Agosti

Bado nalitaka.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nilizungumza na Kabamba. Ni mtu wa Likasi, anaendesha malori makubwa kutoka Durban mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Mwisho wa mwezi anapeleka mitambo ya mgodi na kwenye trela yake kuna nafasi. Trekta linaingia. Na Uncle Ronnie ameniambia kuna mtu mwingine anayelitazama, hivyo nimpe jibu Ijumaa ijayo.

Nafasi ipo, trekta lipo, pesa ipo. Nikajiona mjinga kusitasita. Jioni nikampigia yaya nimwambie nimeamua.

Tukagombana. Kwa miaka yote hii hatujawahi. Nilisema yeye hajui mashine. Akasema kweli hajui, ndiyo maana anauliza. Nikasema wengine wangeshukuru. Akauliza:

"Unataka mimi nilime, ama unataka watu waseme umetuma trekta?"

Nikakata simu. Nilimkatia yaya simu.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikulala vizuri. Swali lake liko pale pale.

Ukweli ni huu. Nimejiona mara nyingi nimekaa juu ya lile trekta likishuka kwenye trela, watu wamesimama kandokando, na baba mdogo, ambaye alisema Durban nimekuja kuzurura, yuko katikati yao. Katika picha hiyo yaya simwoni. Wala mahindi.

Inauma kuliandika.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwomba yaya msamaha kwa ujumbe wa sauti. Akajibu, "Nilishasahau." Hajasahau, lakini amesema.

Wakati wa mapumziko nikapiga simu Lubumbashi, kwa wakala wa matrekta aliye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Nilimpata kijana wa idara ya vipuri, Trésor. Trekta la Uncle Ronnie hajawahi kuliona kwa macho. Wanayouza wao ni madogo zaidi, ya bluu, nguvu yake ni pungufu. Kwa akiba yetu tunapata dogo kuliko yote. Trésor aliuliza shamba liko wapi, udongo gani, nani ataendesha, dizeli wananunua wapi. Uncle Ronnie hakuniuliza hata moja. Ila naye Trésor anauza. Mafundi wapo, vipuri vipo, kila kitu kipo, "hakuna shida, papa." Watu wa simu hawana shida kamwe.

Nikamwomba yaya aende mwenyewe akaone.

Alhamisi, 21 Agosti

Yaya amekwenda. Ujumbe wake ni mrefu, niliusikiliza mara mbili nikiwa nimekaa juu ya paleti ya mbao ya kuwekea mizigo.

Aliomba aonyeshwe rafu. Vichujio, mikanda, majembe ya plau: vipo, alivishika. Klachi hakuna, huagizwa kutoka Johannesburg, na hakuna aliyetaka kumwambia inachukua muda gani. Fundi hufika shambani, lakini mwenye trekta anamlipia usafiri na kumlisha. Alikuta mteja pale kaunta anafoka kwa sababu ya pampu aliyoisubiri muda mrefu. Trésor aliona haya mbele yake.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimfuata yule mteja nje. Baba mmoja anayelima njia ya Kasenga. Akamuuliza, ukirudishwa mwanzo ungenunua tena hapa? Yule baba, bado ana hasira, akamjibu: "Fundi wao anachelewa. Lakini anakuja."

Kumbe ndiyo hesabu yenyewe. Hakuna trekta lisiloharibika. Lile la Uncle lina nguvu zaidi na ni zuri zaidi, na siku likisimama limesimama. Hili la bluu litasimama pia. Tofauti ni kwamba kuna mtu wa kumfokea kwenye kaunta.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilikwenda Jacobs mapema kabla ya zamu. Uncle Ronnie akaniruhusu nipande. Nikalizungusha ndani ya yadi mara moja, polepole, kati ya mabati na matairi. Linaitika vizuri sana. Nikalizima, nikashuka, nikamwambia hapana.

Hakukasirika. Yule mwingine anayelitaka ni mkulima wa miwa wa hapa hapa KwaZulu-Natal. "Kwake sawa," Uncle akasema. "Yule akipiga simu, nafika siku hiyohiyo." Akanipa chai. Nikainywa nikiwa nimesimama.

Kabamba nimemwambia nafasi ampe mwingine. Amenishangaa.

Jumatano, 3 Septemba

Pesa imefika kwa yaya. Amenunua. Karatasi zina jina lake: Astride, mkulima. Ametuma picha yuko mbele ya trekta la bluu, amevaa kitenge cha kanisani.

Niseme wazi: nimefurahi na nimeumia. Trekta hilo mikono yangu haijaligusa, wala halikupita Durban. Baba mdogo amenipigia kuniuliza kama ni kweli Astride amejinunulia trekta. Nikamjibu ndiyo. Béa alikuwa anasikia. Alikuja akaketi karibu yangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Muda mrefu sijaandika. Kazi, kazi. Yaya amelima karibu nusu ya shamba. Analiendesha mwenyewe, wakala walimfundisha. Anasema ni dogo, linakwenda taratibu, udongo mgumu unalisumbua.

Jumatano, 22 Oktoba

Limesimama.

Plau imekataa kunyanyuka. Mafuta yanavuja chini ya kiti. Yaya alipiga simu nikiwa juu ya forklifti, nikamsikia anahema. Mawingu yameanza kujikusanya huko, mwaka huu mvua inaonekana itawahi. Nusu ya shamba bado. Amempigia Trésor, ameambiwa fundi atakuja kesho.

Alhamisi, 23 Oktoba

Fundi hajaja.

Nikampigia Trésor mimi mwenyewe kutoka chooni kazini. Fundi ni mmoja, yuko Likasi kwa mteja mwingine. Nikafoka. Nikamwambia dada yangu alikuamini. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote. Akasema, "Papa, una haki. Jina la Astride liko mbele ya wote. Akitoka Likasi haendi nyumbani, anakwenda shambani kwa dada yako."

Sijui kama nimwamini. Kichwani nalisikia lile jekundu likiwaka mara moja. Nimejilaumu siku nzima. Béa anasema nile. Sili.

Ijumaa, 24 Oktoba

Saa nane mchana hapajatokea mtu. Yaya amekaa kivulini mwa trekta, anasubiri. Ameacha kujibu ujumbe, labda chaji.

Niligonga rundo la mbao kwa uma wa forklifti. Msimamizi amenionya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Alikuja. Jana jioni, kwa pikipiki, pampu mgongoni ndani ya mfuko wa saruji, amechoka kama mbwa. Yaya alimpikia bukari, ugali wa kwetu, na samaki, akampa mkeka. Asubuhi alifungua, akafunga, akamwonyesha yaya boliti iliyokuwa imelegea tangu dukani. Kosa lao. Pampu hawakumtoza.

Saa nne yaya alikuwa analima. Alinipigia huku injini inaunguruma, sikusikia neno hata moja. Nilikuwa kwenye robot ya Overport, taa za barabarani, nasubiri kuvuka. Taa ikabadilika, watu wakanipita kushoto na kulia. Nilikuwa nalia kidogo. Basi.

Jumatano, 5 Novemba

Shamba lote limelimwa. Mvua ilinyesha usiku wake.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua Durban pia, ya mawimbi mawimbi. Tumerudi kutoka kanisani tukiwa tumelowa. Béa miguu imevimba kwa kusimama wiki nzima, ameiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Mimi nimepika.

Yaya alipiga simu nikiwa nasonga bukari. Nikaiweka juu ya friji, spika wazi. Akaeleza jino lake linalomsumbua. Akaeleza jirani anayeoa tena, na kwaya iliyogawanyika kwa sababu ya ngoma. Béa akauliza kitambaa cha harusi ni cha rangi gani, wakabishana hapo kwa muda mrefu. Nilipoketi kula ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyeomba kitu, na hakuna aliyeogopa kitu. Simu kama hiyo na yaya siikumbuki.

Akauliza tunakula nini. Nikamwambia sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na kwamba nimezidisha chumvi.

"Weka maji kidogo," akasema. "Funika. Subiri."

Nikainuka, nikaweka maji.