Spika Inarudi kwa Mwenyewe

Jumanne, 8 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Mjomba akienda kutengeneza friji za watu, natoa gitaa lake na kulipiga bila kuliunganisha popote. Mwaka wa pili sasa. Nyumbani wanajua mimi ni mtu wa kompyuta tu.

Leo Mjomba kasema spika kubwa anayopigia gitaa inarudi Jumamosi kwa mwenyewe, rafiki aliyepiga naye bendi. Amekaa nayo miaka kumi na moja. Nikamwambia — sijui ujasiri ulitoka wapi — naweza kuihifadhi sauti yake. Unapitisha mluzi mmoja mrefu kwenye spika, mzito hadi mwembamba. Maiki inarekodi. Kompyuta inauondoa ule mluzi, inabaki tabia ya spika peke yake. Atapiga gitaa kwa hedifoni na kuisikia spika ambayo haipo.

Akanitazama. "Mpwa wangu, maneno yote hayo ulikuwa umeyaficha wapi?"

Jumatano, 9 Agosti

Nimetumia amplifaya yangu ndogo ya transista. Faili likatoka, fupi kuliko kofi moja. Mjomba akavaa hedifoni, akapiga kidogo, akavua. Eti safi sana, ila hii ni spika ya jirani.

Nilitamani zulia linimeze. Lakini hakunicheka. Kaenda kuleta amplifaya yake ya valvu, ile ya vichupa vinavyowaka. Transista inaikaba spika, anasema. Valvu inaiacha ijibu — huko chini ivimbe kidogo, huko juu ing'ae. Shuleni somo hilo nililikariri kwa Kiingereza, nikapata tisini. Leo ndiyo nimelielewa.

Alhamisi, 10 Agosti

Siku ya kelele! Mama kamchukua bibi wakatembee, bila hata kulalamika. Mungu ambariki mama.

Mjomba alikagua waya wa spika mara tatu. Ukiwasha valvu bila spika, unaiua amplifaya. Tukasubiri vichupa vipate moto. Kisha mluzi. Madirisha yakatetemeka. Mama wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza kama tunafundisha king'ora kuimba. Mjomba akampandisha ngazi akimwomba radhi, wakapotelea huko kwenye maongezi.

Nikabaki peke yangu. Nikachomeka gitaa kwenye kompyuta, ambayo bado ilikuwa imeunganishwa na valvu na spika. Nikapiga wimbo wangu, ule niliotunga mwenyewe, kwa sauti. Kifua kizima kilitetemeka. Asante, mama wa ghorofa ya juu, kwa kuwa na maneno mengi.

Jioni Mjomba kajaribu faili jipya. Kapiga muda mrefu, macho kafumba. Halafu akasema, "Ndiye."

Si "ndiyo". Ndiye, kama mtu.

Ijumaa, 11 Agosti

Mjomba kaomba rekodi zote, hata zilizoharibika. Anataka kumpa mwenye spika naye asikie. Nikamjazia flashi, nikajiona mtu wa maana.

Sasa hivi ndiyo nimeona. Mluzi ni sekunde ishirini. Rekodi ya mwisho ya jana ni dakika saba. Sikuzima maiki!

Yuko chumbani kwake na hedifoni. Ningeweza kwenda kusema flashi ina virusi. Bado nimekaa. Sijui kwa nini nimekaa.

Kiti kimesogea. Ndara zake kwenye korido. Anaimba puani — wimbo wangu, hadi pale ninapokosea, na kosa lenyewe kalipita polepole, kama analipenda. Jikoni amepita. Naweka daftari hili chini ya