Mtoto Aliyebaki Kimbo

Kimbo, Ruiru

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini goti lako limetulia na baridi ya Kinangop haikuzuii kwenda shambani. Mimi ni mzima. Huku ni manyunyu tu, na asubuhi nikienda kazini Thika naona ukungu umelalia mashamba ya kahawa, hadi nchi yote ni kama inaota.

Uliuliza mbona nimenyamaza. Ni kesi. Kuna msichana wa hapa Kimbo aliyekuwa akimlea mtoto wa jirani yake, Auma, aliyefariki mwaka juzi. Mtoto anaitwa Maxine, yuko na miaka minne. Kisha akatokea mjomba wa mtoto, mtu ambaye hata mazishini hakufika, akamdai kortini. Alisema damu ni damu.

Bi Nadira, wakili anayenifunza kazi, alinituma nitafute hukumu ya kututetea kwenye mtandao wa kesi. Nilipoandika mtoto na mlezi tu, zilikuja maelfu. Nikatangatanga humo kama mtu aliyeingia msitu ndotoni, akisikia watoto wakilia kila upande asijue aende wapi. Bi Nadira akanielekeza taratibu: maneno yanayotembea pamoja niyafunge kwa alama za kunukuu, ninayotaka yakutane niyaunge kwa AND, nikitia kinyota mwisho wa mzizi wa neno, ndugu zake wote wataitika. Mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza NOT, kufukuza kesi za talaka. Haikuja hata moja.

Nilikaa nikitazama matone yakishuka dirishani, na katika kila tone nikamwona yule mtoto akienda mbali. Bi Nadira akaniuliza talaka nimezifukuza za nini. Nikasema hazituhusu. Akacheka, akaniambia, “Wee Ngendo, jaji akitaja talaka mara moja tu, kwa kupita, hiyo NOT imekutupia hukumu nzima!”

Nikaifuta. Ikaja moja, peke yake. Humo jirani aliyemlea yatima aliachiwa mtoto, jaji akisema damu ni jambo kubwa, lakini korti haiwezi kuupuuza mkono uliomfunika mtoto usiku wa baridi. Niliisoma herufi zikiyeyuka machoni.

Jumanne hakimu aliikubali. Maxine atabaki Kimbo, na mjomba ataruhusiwa kumtembelea.

Mama, msichana huyo ni mimi. Sikukwambia kwa sababu ungempenda, nami niliogopa umpende halafu korti imchukue. Kuvunjika moyo nilitaka kuwe kwangu peke yangu.

Mvua ikipungua tutapanda kuja. Anafanya mazoezi ya kukuita bibi kwa Kikuyu, cucu, anawaambia hata kuku wa jirani.

Msalimie Baba, na ndugu yangu Muigai pia. Mungu awafunike.

Ni sisi,
binti yako Ngendo na mjukuu wako Maxine.