Mawe Arobaini na Mawili

Tarehe 3 Machi

…na mapazia ni yale ya njano, Baba, Mama alishinda kama kawaida yake. Barua iliyopita niliikatiza katikati kwa kuwa wakala wa basi alikuwa anafunga ofisi, basi huu ndio mkia wake. Lakini adabu kwanza. Shikamoo. Goti la Mama linaendeleaje? Na lile sikio lako la kulia, bado linavuma kama pampu, au limekubali kustaafu nawe? Sisi huku hatujambo kabisa, tena mimi sijambo kupita kiasi. Wiki ya tano ya ndoa na bado nikisikia pikipiki yake kwenye kona nauacha mwiko jikoni nikimbilie dirishani. Usinicheke.

Sasa sikia alichonifanyia mkwe wako. Unajua halmashauri imempa kazi kule kambini kwako. Tangu jeshi lihame, wizara imepata mnunuzi anayetaka kujenga nyumba mia nne, na madiwani wamesema hawapitishi kitu mpaka wajue maji yatatosha, mitaro itaelekea wapi, na chini ya ile ardhi kuna nini. Wizara ikawaletea ramani ya karatasi moja tu, yenye majengo na barabara. Ya chini haipo. Kwa hiyo mume wangu, mpima ardhi mdogo kuliko wote ofisini, ndiye aliyepewa kupima na kuandika ripoti. Kikao ni tarehe 24. Ana furaha na ana hofu, hata usingizini anataja namba.

Ili tepu yake ipite imenyooka aliamuru nyasi zikatwe na yale mawe meupe yaondolewe. Unayakumbuka? Yale uliyokuwa ukiyapaka chokaa kila Jumamosi, nami nikiyarukaruka nyuma yako. Walikuwa wanayatupa, naye akakumbuka kwamba nilimsimulia siku tulipoonana mara ya kwanza. Akayaomba. Jana kaniletea yote arobaini na mawili! Arobaini na moja yamezunguka maua yangu, na lile kubwa linashikilia mlango wa jikoni usijipigize. Wake wengine huletewa pete, mimi nimeletewa utoto wangu kwenye gari la halmashauri.

Niambie nawe umefurahi.

Binti yako, bibi harusi


Tarehe 9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti la Mama linapanda na kushuka. Sikio ni lile lile.

Sikufurahi. Geuza jiwe lolote uangalie chini yake. Halafu mwite huyo mtu wa tepu naye aangalie.

Baba yako


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Baba, na Mama mpe salamu. Sitauliza afya leo, nina haraka.

Tuligeuza jiwe la kwanza tukaona mikwaruzo. La pili, mikwaruzo. Tulipofika la kumi mume wangu alikuwa ameketi chini kwenye udongo na suruali yake ya kazini, anahesabu kwa kidole. Mistari mirefu upande mmoja, mifupi upande wa pili, yote imechongwa kwa tindo. Mawili yana msalaba. Lile la mlangoni na haya yote nimeyapanga sebuleni juu ya magazeti, hatuna pa kukanyaga.

Baba, ile haikuwa mapambo. Kumbe miaka yote nilikuwa naruka juu ya ramani.

Mume wangu akaniambia taratibu kwamba ameifuta kwa mkono wake kazi ya mtu ya miaka thelathini, tena mtu huyo ni baba mkwe wake. Hakula. Mnunuzi anasema uwanja ni safi na anataka kuanzia penye uwanja wa mpira, anajenga shule ya chekechea hapo kwanza ili watu wampende. Ripoti ikitoka bila kusema chochote, ni jina la mume wangu litakalokaa chini yake.

Alama zinasema nini? Na misalaba? Naomba uje, Baba. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba unibebe mabegani.

Binti yako


Tarehe 14 Machi

Binti yangu,

Mama yako anasema nilikujibu kama karani wa stoo. Basi naanza upya: hamjambo? Sisi hatujambo.

Mistari mirefu ni hatua kumi kumi kutoka kwenye mlingoti wa bendera. Mifupi ni kina cha bomba kwa dhiraa. Lile kubwa la mlangoni kwako halina alama kwa sababu ndilo mwanzo, lilikaa mguuni pa mlingoti. Nilianza mtindo huo kwa kuwa kila mkubwa aliyehamia aliniomba ramani mpya, na kila aliyehamishwa aliondoka nayo. Nikasema jiwe halipewi uhamisho. Sikujua litakuja kuolewa.

Misalaba ni matangi mawili ya mafuta ya jenereta, yaliyofukiwa kabla hujazaliwa. Hakuna aliyeyanyonya. Yako chini ya uwanja wa mpira.

Alama zinakwambia umbali, hazikwambii upande. Upande ninao mimi kichwani. Lakini sitakuja. Siku ya kufunga kambi waliitwa wapishi, wapiga tarumbeta, hata kinyozi. Mimi nilifika getini nimevaa suti, askari akaniomba kibali nilichokirudisha wiki ile ile. Nikarudi na suti yangu. Niliapa sitapita geti lile mpaka niitwe kwa kazi yangu, na si kwa huruma ya binti. Mwambie mumeo asisaini chochote kinachogusa uwanja wa mpira. Hilo tu linatosha.

Baba


Tarehe 17 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na ninaandika kwa furaha na machozi, kwa hiyo ukiona wino umetapakaa usidhani ni maji ya jikoni.

Halitoshi, Baba. Mkubwa wa mume wangu kazini alimwambia neno la baba mkwe aliye mbali si ushahidi. Tena akamnong'oneza kwamba suala la mawe lisiandikwe popote, liishe hivyo hivyo, maana yeye bado yuko kwenye majaribio na mtu wa majaribio hufukuzwa kwa barua ya mistari miwili. Nilimtazama alipokuwa ananisimulia. Nilidhani ataniuliza tufanye nini. Yeye akaniuliza shati lake jeupe liko wapi.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa halmashauri, yule mama aliyekuwa mwalimu wa hesabu, mkali hata kivuli chake kinanyooka. Akamweleza kila kitu, pamoja na kwamba mawe aliyaondoa yeye, yako sebuleni kwake. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huyo fundi anaitwa nani, na kwa nini wizara haikututajia?

Mume wangu akasema hakuna anayemtaja fundi bomba mpaka bomba lipasuke.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, yenye muhuri. Sikuiandika mimi, wala huruma yangu haimo. Soma cheo walichokupa: mtaalamu wa mifumo ya chini ya ardhi. Nilicheka nikakumbuka askari walivyokuwa wanakuita Koki. Kibali cha geti kimo ndani, kina picha yako, ile ya harusi yangu waliyoikata nikabaki bega moja.

Basi linaondoka kwenu saa kumi na mbili asubuhi. Suti ipigwe pasi.

Binti yako anayekungoja


Tarehe 26 Machi

Baba yangu, Mtaalamu,

Shikamoo mara arobaini na mbili. Ulifika salama? Mama aliamini ulivyomsimulia, au alisema unatia chumvi?

Najua ulikuwepo. Lakini nilikuwa nyuma yako muda wote, na mengi yalisemwa upande wa sikio lako bovu. Sitaki yapotee, basi nayaandika.

Ulipotoa kibali getini, yule askari alisoma cheo akapiga saluti. Hukuona kwa sababu ulikuwa umeshapita, huku unaangalia mbele kama mtu anayeingia kwake. Uliposimama mahali palipokuwa na mlingoti, ambapo sasa hakuna hata shimo, na kumwambia mkweo aliweke lile jiwe la mlangoni pale, mwakilishi wa mnunuzi alimnong'oneza mwenzake: "Tumeletewa mganga." Mwenyekiti alisikia. Akamjibu bila kugeuka kwamba mganga huyu amelipiwa nauli na halmashauri, na kama yeye ana aliye bora amlete.

Uliweka mawe mengine arobaini na moja bila kusita hata mara moja. Mkweo alikuwa anakubebea, kisha anapima kwa tepu yake na kuandika. Aliniambia baadaye kwamba hatua zako hazikupishana na tepu zaidi ya kiganja. Miaka thelathini na kitu, Baba, na mguu wako bado una kipimo.

Halafu uwanja wa mpira. Uliposema wachimbe, dhiraa tatu, walichimba wakafika mbili na nusu, udongo mtupu. Hapo ndipo yule mwakilishi alipocheka kwa sauti na kusema mzee anatafuta goli alilokosa. Wewe hukusikia. Ulikuwa umeshika mpini wa sururu pamoja na mchimbaji, macho kwenye uso wake. Kumbe hukutaka kusikia, ulitaka kuona. Nasi wote tukasikia chuma, kengele nzito chini ya miguu yetu, na wewe ukatabasamu kabla hatujatabasamu sisi, kwa kuwa ulishaipata mikononi. Harufu ya mafuta ilipotoka, mwakilishi alirudi kwenye gari lake.

Sasa kikao, ambacho hukukingoja kwa sababu ya kunyunyizia miche. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mume wangu alisoma ripoti. Alipofika ukurasa wa tatu, wenye jina lako, alisimama, akaweka karatasi chini. Mkubwa wake alikuwa anamkazia macho. Akasema hivi, nimeyashika neno kwa neno:

"Mawe haya niliyaondoa mimi. Niliyaona mapambo kwa sababu sikumuuliza aliyeyaweka. Kama si yeye, watoto wangecheza juu ya mafuta, na sahihi ingekuwa yangu."

Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Mwenyekiti akaangalia juu ya miwani na kusema ripoti inayotaja kosa la mwandishi wake ni ya kwanza kuletwa mezani kwake, na angependa nyingine kama hiyo. Wakapiga kura. Uwanja wa mpira haujengwi mpaka wizara itoe matangi na udongo upimwe. Mabomba yako yote yachorwe kwenye ramani ya halmashauri. Na mawe yasiguswe na mtu. Kuhusu majaribio yake, mkubwa hajasema neno, ila jana alimpa ufunguo wa kabati la ramani.

Baba, nimeolewa na mwanamume, na nimezaliwa na mwanamume. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi nikitaka kuwaambia watu wote, yule ni wangu, na yule wa kwenye ukurasa wa tatu ni wangu pia.

Bustani yangu imebaki na mashimo arobaini na moja. Nimepanda ua katika kila moja. Mlango wa jikoni tu ndio unaojipigiza.

Binti yako


Tarehe 2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Hamjambo wote wawili? Goti la Mama limepona ghafla tangu aliposoma barua yako kwa majirani. Anasema sikutia chumvi, nilipunguza.

Siku ya harusi yenu nilimshika mumeo mkono tu, nikaenda kukaa. Nilidhani ni kijana wa kalamu. Mtu anaweza kuchonga mawe miaka thelathini na akakosa kumsoma mtu mmoja. Mwambie mwanangu nimesema hivyo. Umesoma vizuri, nimeandika mwanangu.

Mlango usiuwekee kitu kingine. Nimepata jiwe la kufaa mtoni, nimelipaka chokaa na kulichonga. Lina mistari saba. Saa saba za basi, kutoka mlangoni kwenu mpaka hapa. Nitalituma kwa wakala.

Baba


Tarehe 6 Aprili

Baba yetu,

Shikamoo, sasa kutoka kwa watu wawili, maana mwanao amesimama nyuma ya kiti changu anasoma kila ninachoandika. Alipofika penye lile neno lako alitoka nje kuangalia maua, na maua hayakuwa na tatizo lolote.

Jiwe usilitume. Hilo haliendi kwa wakala, na sitaki libebwe na mtu asiyejua maana yake. Ameshaomba ruhusa ya siku nne, na ameniambia anakuja na tindo mpya ili umfundishe kuchonga, kwa sababu ofisini kuna tepu tano na hakuna anayejua jiwe. Mama aandae kitanda, na wewe simama kituoni upande wa kulia, mimi nitakuja upande wa kushoto ili unisikie nikikuita.

Acha mlango wetu ujipigize kidogo. Tunakuja kulichukua wenyewe kabla mwezi huu haujaisha.

Wanao