Wanaokimbia Mechi Ikiisha

Jumamosi, 2 Machi
Nimejiahidi kuandika yote humu, hata ya aibu. Basi, la leo: Kaka Kaloyan hakuingizwa tena. Timu ilishinda, akashangilia kutoka benchi. Filimbi ya mwisho ikalia — waliocheza wakaenda kuoga, yeye na wenzake wa akiba wakabaki kukimbia kwenye uwanja mtupu. Mzee mmoja akampigia kelele akitoka: we kijana, umechelewa, mechi imeisha. Watu wakacheka. Nikatazama viatu vyangu.

Bwana Zhechev, kocha wa viungo, hakucheka. Alinieleza langoni: aliyecheza miguu yake imeshapata kazi. Wa benchi asipofidia, kufika Mei atakimbia kama mtalii. Namshukuru. Hamsahau kaka yangu.

Jumanne, 5 Machi
Beki wa kushoto amefungiwa kwa kadi. Kaka ataanza Jumamosi! Mara ya kwanza msimu huu. Bibi alichoma boga kwa asali na jozi, akamwekea kipande kikubwa. Nilifurahi hadi sikuweza kula.

Bwana Zhechev ameamuru Alhamisi apumzike kabisa. Kaka akanung'unika: miezi yote nakimbizwa, sasa nina mechi ndiyo nilale? Bibi akamwambia ale anyamaze.

Alhamisi, 7 Machi
Kaka alisema anaenda kwa kinyozi. Amerudi na nywele zilezile. Fulana yake yenye kifaa cha kupimia mbio, ambacho Bwana Zhechev hukisoma, ilikuwa kwenye kamba mchana kutwa.

Ila uzi wake wa Machi, mwekundu na mweupe, haupo mkononi. Sote tumevaa tangu tarehe mosi, ndiyo mila yetu. Haufunguliwi mpaka uone mti uliochanua, uufunge tawini. Na mwaka huu umechanua mmoja tu: mlozi wa kanisani, juu kabisa ya ngazi za kilimani.

Nilimwuliza. Akasema, Rali, nilipanda ngazi kidogo tu, miguu isisinzie. Usimwambie Zhechev.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya wanawake. Mwalimu tulimpa maua. Nikarudi nikamkuta Bwana Zhechev jikoni, kamletea Bibi maua pia. Aliuliza kama Kaloyan alipumzika jana. Bibi, ambaye hajui, akajibu: kama paka wa padri.

Akafurahi. Akasema kocha mkuu hakumtaka, yeye ndiye aliyemtetea; aliweka neno lake kwamba hakuna mwenye miguu iliyopumzika kama ya kijana huyu. Nikakumbuka asubuhi: Kaka alishuka ngazi za nyumbani kiubavu, kashika ukuta. Alisema sakafu ni baridi.

Nashukuru kwamba kuna mtu anayekuja kuuliza. Ndiyo maana siwezi kukaa naye mezani. Nimekimbilia chumbani, nimemwandikia Kaka kwenye simu, na hapa nanakili neno kwa neno:

"Kaka, paja linauma? Nijibu sasa hivi. Bibi anamwongezea Bwana Zhechev kahawa, na kikombe ni kidogo."